Cat 320D au Komatsu PC200-8, nichukue ipi?

KijanaWaNgarenaro: Habari wakuu. Nipo Arusha, natafuta ekskaveta iliyotumika niinunue, niwe naikodisha kwa watu. Nimebaki na mbili, Cat 320D na Komatsu PC200-8. Nishaurini kabla ya Jumamosi, mwenye mali ananipigia kila saa.

FundiPampu: Kazi gani? Mita inasoma imeshafanya kazi masaa mangapi? Una shilingi ngapi? Umeuliza kama bwana harusi asiyemjua bibi harusi.

MamaTipa_Moshi: Komatsu. Yangu inachimba moramu Himo na dizeli haili hovyo. Nimemaliza.

KijanaWaNgarenaro: Samahanini. Ni makaa ya mawe, Ngaka kule Mbinga. Kuna jamaa kaniahidi kazi.

MzeeWaGreda: Ungeanza na hilo, mwanangu. Hizo zote ni za tani ishirini na kitu, baketi moja ni kama mita moja ya ujazo. Tipa la tani 30 utalijaza kwa baketi thelathini na ushee, foleni nyuma inapiga honi. Kwa mitaro na kukwangua mabaki itafaa. Kupakia, hapana.

DogoKaloleni: Achukue Bagger 288, lile dude la Ujerumani linalochimba kwa gurudumu lenye baketi 😂 tani 13,500, mita za ujazo 240,000 kwa siku!

MzeeWaGreda: Na umeme wake megawati 16 na nusu utavuta wewe? Ile inachimba lignaiti, makaa laini. Gurudumu linakwangua tu, halihitaji baruti. Makaa yetu ya kusini yamelala kwenye mawe ya mchanga ya Karoo, miamba ya kale, migumu. Ukilipeleka gurudumu lile huko utaokota meno.

DogoKaloleni: Lakini mzee, 2001 ilitembea yenyewe kilomita 22, haikubebwa.

MzeeWaGreda: Kwa wiki tatu!

FundiPampu: Turudi kwenye masaa. Mimi nilinunua mashine, jina siitaji, mita inasoma 6,000. Rangi mpya, kiti bado kina nailoni. Nikaiwasha asubuhi, ikanyanyua mkono vizuri, nikalipa. Kumbe ilitakiwa ifanye kazi kwa masaa mawili mafuta ya haidroliki yapate moto. Wiki ya pili, ikifika saa tano mchana mkono unalegea, unapanda kwa shida kama mtu anasinzia. Tukafungua pampu, pistoni zimelika, vipande vya chuma vimeshaingia mpaka kwenye mota za cheni. Rola za chini zinazotembea juu ya cheni nazo zilikuwa zimechomelewa na kupakwa rangi. Miezi minne ililala uwanjani, kuku wa jirani wakataga kwenye baketi. Opereta nilikuwa namlipa.

MamaTipa_Moshi: Pole kaka. Ila hiyo haikuwa Komatsu 😏

FundiPampu: Nimesema jina siitaji, mama.

MzeeWaGreda: Arusha mpaka Mbinga ni zaidi ya kilomita 1,000. Lobedi, lile trela la kuibebea, analipa nani, wewe au huyo jamaa? Na hiyo ahadi ipo kwenye karatasi?

KijanaWaNgarenaro: Tumeongea kwa simu.

MamaTipa_Moshi: Lobedi ninalo, Jumatatu linashuka Dodoma tupu. Nitumie ujumbe tuelewane.

FundiPampu: Na masaa ya mita bado hajasema.