Mjadala: Watoto wa Dar wapelekwe Mikumi au Mto Msimbazi?

Mwalimu_wa_Jiografia
Wakuu, kila mwaka shule zinachangisha wazazi kupeleka wanafunzi Mikumi. Karibu kilomita 300 ndani ya basi, twiga wawili dirishani, wanarudi usiku wamelala. Mtoto huyohuyo anavuka Msimbazi kila asubuhi, na ukimuuliza mto huu unatoka wapi anakujibu "kwenye mitaro". Msimbazi una chanzo, kule vilima vya Pugu, Kisarawe. Unateremka kilomita thelathini na kitu mpaka kwenye mikoko ya daraja la Salender. Kwa siku moja darasa zima linaona msitu, linaona maji yanavyobadilika rangi njiani, linafika baharini. Nasema pesa ya Mikumi ianzie huko. Mnasemaje?

Kaka_Tabata
Mwalimu nakuheshimu, ila hapana. Mtoto wa Tabata anayaona hayo maji machafu siku zote, unampeleka kumwonyesha nini? Mwache akamwone tembo mara moja maishani. Pugu kuna nini cha kumshangaza mtoto?

Mwalimu_wa_Jiografia
Kaka, Pugu kuna komba. Yule mdogo kabisa, komba wa Rondo, ambaye duniani kote anapatikana kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Yuko jirani na uwanja wa ndege, na watu wanamkatia miti wapate mkaa.

Mama_Mbezi
Mimi naona mnazunguka. Hiyo elimu ya mto ipelekwe kwa watu wa mabondeni, wao ndio wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Watoto wetu wanajua taka inatupwa wapi.

Mwana_Kigogo
Dada Mama_Mbezi, futa hiyo kauli. Nimezaliwa Kigogo, mama yangu bado yuko pale. Unadhani kuna mtu anafurahia kufungua shimo usiku, kinyesi kipite mlangoni kwake? Gari la kunyonya halipiti kwenye uchochoro wetu. Bomba la majitaka hatuna. Shimo limejaa, maji ya ardhini yako futi mbili chini, unataka tufanyeje?

Mama_Mbezi
Mdogo wangu, sijamtukana mama yako. Nasema kinachofanyika. Mvua za Machi zikianza mnajua wenyewe.

Fundi_Bomba
Kutapisha kupo, tusidanganyane, na siyo mabondeni tu. Nimefanya kazi Sinza, nimefanya Ubungo, wenye magorofa wanaunganisha mabomba ya vyoo kwenye mtaro wa maji ya mvua, wanafukia, wanapanda maua juu. Mtaro huo unaishia Msimbazi. Mtu wa Kigogo anapokea cha kwake na cha watu wa juu.

Mwana_Kigogo
Asante fundi. Dada, umesoma hapo?

Mzee_wa_Upanga
Vijana, punguzeni hasira. Mtu anayekaa mtoni amevunja sheria, mwisho. Sheria inasema mita 30 kutoka ukingoni. Mafuriko yale ya 2010 watu wakafa, wakapewa viwanja Mabwepande, wakauza, wakarudi. Hapo somo la mazingira litasaidia nini?

Kaka_Tabata
Shikamoo mzee. Yalikuwa Desemba 2011, na walikufa watu wapatao 40.

Mwanasheria_Mtaani
Na ni mita 60, mzee, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Lakini hatua hizo unazipima kutoka wapi? Kingo zenyewe zinakatika. Kuna nyumba zilizojengwa mbali na mto, mto ukazifuata, kwa sababu ya wachimba mchanga. Leo zinaitwa za wavamizi.

Mwana_Kigogo
Hapo umegusa. Nyuma ya kwetu palikuwa na mgomba, choo, halafu njia ya miguu, ndipo mto. Mgomba umeondoka, choo kimeondoka. Sasa ni viroba vya mchanga na matairi, na kwenye matawi ya mti uliobaki zinaning'inia pampasi, juu ya kichwa cha mtu mzima, maji yalipofikia. Mama yangu hakuufuata mto.

Mzee_wa_Upanga
Marahaba. Wa Jangwani wamelipwa fidia na wameondoka. Na wengine waondoke.

Mwana_Kigogo
Mzee, hao wamelipwa kupitia mradi wa bonde la Msimbazi. Sisi wa huku juu nani ametupimia? Mwaka 2015 tuliona X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, hatukuona hela.

Mama_Mbezi
Turudi kwenye maji jamani. Mimi shida yangu ni kwamba tunakunywa uchafu huu.

Fundi_Bomba
Hapana dada, Msimbazi hatuunywi. Maji ya bomba mengi yanatoka mto Ruvu.

Kaka_Tabata
Si yanatoka bwawa la Mindu?

Fundi_Bomba
Mindu ni la Morogoro mjini. Sisi ni mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu yenyewe inaanzia milima ya Uluguru. Novemba 2022 mlipopanga foleni na madumu kwa mgawo, ni Ruvu iliyokauka, siyo pampu iliyokufa kama mlivyokuwa mkilalamika mtaani. Ndiyo maana ya bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya Ruvu.

Mwalimu_wa_Jiografia
Mnaona sasa? Watu wazima tunabishana maji ya kunywa yanatoka wapi. Na basi la Mikumi linapita Ruvu, linapita Morogoro na Uluguru iko pale mkono wa kushoto, na hakuna anayesimamisha gari dakika kumi kuwaambia watoto "hapo ndipo bomba lenu linapoanzia".

Kaka_Tabata
Basi waende Mikumi na wasimame njiani. Umekubali mwenyewe.

Mwalimu_wa_Jiografia
Njiani sawa. Msimbazi bado nautaka.

Mama_Mbezi
Wa kwangu hashuki kwenye bonde lile. Kipindupindu mnakijua.

Mwana_Kigogo
Wa kwako hashuki, wa kwetu analala hapo. Dada, bado sijajibiwa. Gari la kunyonya linapitaje uchochoro ambao hata guta linakwama?