Moonbase (1990): saa inakimbia, na majengo yanazimika

kichwa_mchungu
Wakuu, salaam. Nacheza Moonbase ya Wesson International, mchezo wa kujenga kambi Mwezini, kwenye DOSBox 0.74 (programu ya kuendesha michezo ya zamani ya DOS) na nimekwama pawili. Saa ya mchezo inakimbia mno: kabla sijaweka jengo la pili, miezi imeshayoyoma. Kwenye dosbox.conf (faili la mipangilio) nimeweka cycles=max, yaani kasi yote inayowezekana. Halafu kila nikiongeza majengo umeme hautoshi, yanazimika, ingawa paneli za sola nimezirundika. Nakosea wapi?

mdau286
Tatizo la saa ni hiyo max. Michezo mingi ya enzi zile ilipima muda kwa kasi ya prosesa yenyewe, na wewe umeupa mashine ambayo mwaka 1990 haikuwepo. Nenda sehemu ya cpu kwenye dosbox.conf uandike:

core=normal
cycles=fixed 3000

Hapo unakuwa katikati ya 286 na 386, prosesa za enzi hizo. Mchezo ukiwa wazi, Ctrl+F11 hupunguza cycles kwa asilimia 20 na Ctrl+F12 huongeza 10. Namba inaonekana juu ya dirisha. Ukishapata kasi inayokufaa iandike kwenye conf, maana ukifunga DOSBox inasahau kila kitu. Kishale cha mausi kikitoroka, Ctrl+F10.

Jingine: usimaunti (yaani usiunganishe na DOSBox) diski nzima ya kompyuta yako kuwa C, maunti folda moja tu. Majina ya folda za ndani yasizidi herufi 8, la sivyo "michezoyangu" utaikuta MICHEZ~1.

bamvua
Kuhusu umeme, mkuu, piga hesabu ya Mwezi wenyewe ndipo utaelewa kwa nini sola peke yake inakuangusha. Usiku wa kule ni karibu siku 14 na robo tatu za huku kwetu duniani, yaani saa 354. Kambi inayokula kilowati 100 itahitaji kWh 35,400 za kuvukia usiku mmoja. Kwa betri za Wh 250 kwa kilo, hizo ni karibu tani 142 za betri. Na paneli lazima ziwe zaidi ya mara mbili ya matumizi, kwa sababu mchana zinalisha kambi na kujaza betri kwa pamoja. Kwa hiyo anza na nyuklia, sola iwe nyongeza.

Ila nyuklia ina deni lake: joto. Mtambo wa kilowati 100 za umeme wenye ufanisi wa asilimia 25 unabaki na kilowati 300 za joto la kutupa, na Mwezini hakuna hewa wala maji ya kulibeba. Linatoka kwa mnururisho tu, ndiyo maana mchezo unakudai radieta, mabango ya kutoa joto. Bango lenye nyuzi 127 za Selsiasi hutoa takriban kilowati 1.3 kwa mita ya mraba. Likiwa na nyuzi 27 hutoa kama 0.4 tu. Kwa mtambo huo, bango la moto litakuwa mita za mraba 230 hivi kwa upande mmoja. Utaratibu: umeme, radieta, kisha jengo. Ukigeuza, utaanza tena.

mdau286
Naongezea: acha akiba ya umeme na ya ubaridi kabla ya kuweka chochote kipya. Ukijenga hadi sifuri, hitilafu moja inaangusha yote.

kichwa_mchungu
3000 imekaa sawa, shukrani. Heliamu-3 (aina adimu ya gesi ya heliamu) niikimbilie mapema ili nipate hela?

bamvua
Usiikimbilie. Kwenye udongo wa Mwezi iko kiasi cha sehemu 10 hivi katika bilioni, kwa hiyo kilo moja ni kuchimba kama tani 100,000 na kuzichoma hadi nyuzi 700. Umeme wa kazi hiyo huna bado. Oksijeni ni rahisi zaidi: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo ule ni oksijeni. Ilmenaiti, madini yenye chuma, titani na oksijeni, ikipashwa na hidrojeni kwenye nyuzi 900 na kitu inatoa maji. Unayapasua kwa umeme, oksijeni inabaki, hidrojeni inarudi mtamboni.

mdau286
Na usifunge kwa Ctrl+F9 wakati mchezo unahifadhi, faili linaweza kuharibika. Toka kwa menyu, kisha andika exit.