Nimekosa nafasi chuo kimoja na viwili bado havijajibu: nikae nisubiri tu?

Binti wa Kibaigwa:
Habari za jioni ndugu zangu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nikapata C ya Baiolojia na D mbili, kisha nikaomba kozi za afya katika vyuo vitatu dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi. Juzi usiku chuo kimoja kilitoa majibu. Nikafungua akaunti yangu nikiwa nimejifunika shuka ili mwanga wa simu usimwamshe mdogo wangu, nikakuta sentensi moja tu kwamba sikuchaguliwa. Viwili vingine viko kimya. Mama amekwishawatangazia wateja wake wa mahindi sokoni kwamba mwanawe anakwenda chuo, nao kila asubuhi wananiuliza naondoka lini. Sijamwambia. Je, nisubiri hivyo viwili au nianze kutafuta kwingine, na mama nimwambieje?

Kaka wa Area C, Dodoma mjini:
Pole sana mdogo wangu. C ni pointi 3 na kila D ni pointi 2, kwa hiyo una 7 kwa masomo yote matatu, au 5 kwa mawili ya juu, ilhali kiwango cha chini cha kuingia shahada ni pointi 4.0 za masomo mawili, ingawa kozi nyingi huweka masharti yake juu ya hapo. Ulichokosa ni kiti, kwa sababu chuo huwapanga waombaji kwa ufaulu na kukata mstari pale nafasi zinapoisha, na katika kozi za afya mstari huo hukatwa juu mno. Wasubiri hao wawili, lakini wakati huohuo andika pembeni kozi nyingine za sayansi unazoweza kuzisoma kwa moyo, ili dirisha la pili likifunguliwa usianze kubahatisha. Jambo jingine, itunze laini ya simu uliyoombea, kwani ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka hutumwa humo. Mimi niliombea laini ya binamu yangu, naye siku hiyo alikuwa machimboni, hana mtandao.

Mama wa Kondoa:
Mwanangu, mwambie mama yako leo, kabla hajaambiwa na mtu. Mimi habari ya kijana wangu kukosa chuo niliipata kwa jirani tukiwa kisimani, na kilichoniuma zaidi ni kule kuisikia kwa jirani. Mngoje afunge hesabu zake za jioni, umweleze pia kwamba viwili bado. Wateja mwachie yeye mwenyewe, anajua kuwajibu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili:
Naongeza moja tu: maombi ya mkopo hayasubiri udahili. Hakikisha cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, pamoja na cheti cha kifo ikiwa mzazi mmoja amefariki, maana hapo ndipo wengi hukwamia.

Binti wa Kibaigwa:
Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nilimwambia jana tulipokuwa tukishona magunia. Alinyamaza mpaka gunia likaisha, kisha akauliza kama hivyo viwili vilivyobaki ni vya mbali. Cheti changu nimekitazama, jina la baba lina herufi moja pungufu, hivyo kesho asubuhi nakwenda Kongwa, ofisi ya mkuu wa wilaya, kuomba lirekebishwe.