Ulichapwa kwa nini praimari? Tupeane uzoefu (na mnisaidie na huyu wangu wa gredi ya tatu)

Mama Wawili, Nakuru
Jumapili jioni nilikuwa namkata kucha huyu wangu wa gredi ya tatu nikaona magoti yamechubuka, na si ile ya kuanguka, ni vidoti vidoti kama mtu amelalia mchele. Kumuuliza akasema ni kokoto. Wakikosea wanapiga magoti kwa kokoto nje ya darasa hadi kengele ilie. Kosa lake nini? Hajafunika daftari. Na mimi ndio sijanunua karatasi ya kufunikia, yaani kosa langu magoti yake. Usiku usingizi ulikataa nikakumbuka yangu miaka ya tisini hapa hapa Nakuru, mwalimu wa zamu getini na nyahunyo yake ya mpira, na sisi tukiisikia kengele tukiwa bado mbali tunajua leo ni leo. Hebu mseme, wewe ulichapwa kwa nini, na kama una mtoto saa hii unafanyaje?

Kijana wa Lanet
Kuchelewa. Kila siku. Hadi nikizoea naenda tu getini nainama bila kuambiwa.

Nyar Kondele
Mimi ni ile listi ya wapiga kelele. Siku moja jina langu liliandikwa mara nne na siku hiyo nilikuwa nyumbani na malaria. Monita alikuwa ananiandika kwa mazoea 😂 Nilirudi Alhamisi nikapata deni langu linaningoja.

Fundi Baiskeli
Sisi tulivaa kaptura tatu na daftari la sayansi katikati. Shida ni sauti. Tako linalia paa, daftari linalia poo, na yule mwalimu wetu alikuwa na masikio. Akisikia poo anasimama, anasema kwa upole kabisa, "toa hiyo maktaba." Halafu anaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Nyar Kondele
"toa hiyo maktaba" 😂😂 nimekufa

Baba Junia
Mnacheka lakini hiyo fimbo ndiyo ilitutengeneza. Watoto wa siku hizi mwalimu akiwaangalia vibaya mama anakuja na boda.

Mkulima wa Miwa, Mumias
Ilikutengeneza wewe. Ndugu yangu aliacha shule darasa la sita kwa sababu ya hesabu ya asubuhi, ukikosa swali moja kiboko kimoja, maswali kumi. Akawa anatoka nyumbani na yunifomu anashinda kwa miwa hadi saa kumi. Saa hii ni mwendesha boda Kisumu na kwa chenji hakosei hata shilingi, kwa hivyo kichwa hakikuwa na shida.

Ticha Mchovu
Nimesoma nikanyamaza lakini wacha niseme. Nilianza kufundisha 2002 na watoto 43. Januari 2003 karo ikaondolewa, jambo zuri kabisa sikatai, wakafika 91 kwa chumba kile kile, dawati moja watoto watano na wengine chini. Hakuna mtu alikuja kutuonyesha sasa bila fimbo unatuliza hao 91 namna gani, waraka tu ukabandikwa ofisini. Sitetei kokoto, kokoto ni ukatili. Nasema tu mkimlaumu mwalimu hesabuni pia madawati.

Mwana wa Sheria
Ticha, viboko vilipigwa marufuku 2001. Ulianza 2002. Kwa hivyo wewe hukuwahi kuwa na ruhusa hata siku moja.

Baba Junia
Ilikuwa 2013 bwana usidanganye watu.

Mwana wa Sheria
2013 ni Sheria ya Elimu ya Msingi, kifungu cha 36, hiyo ndiyo inaongeza faini isiyozidi shilingi 100,000 ama jela miezi 6, ama zote mbili. Marufuku yenyewe ni ya 2001. Na katikati kuna Katiba ya 2010. Soma.

Baba Junia
Wewe ni wakili wa nani hapa, umelipwa?

Omwana wa Butere
Nyinyi mnabishana miaka na hakuna mtu ametaja diski. Mimi diski ilinishika 1988, darasa la tano, Ijumaa saa tisa na nusu. Nilikanyaga mwiba nikalia "uwi mama" na prefekti akasema hicho si Kizungu, akanivika ile mbao shingoni, unaivaa hadi umpate mwingine akiongea lugha ya nyumbani umpachikie. Sasa wenye wanajua wanajua, diski ya Ijumaa ndiyo mbaya kuliko zote maana nyumbani wote wanaongea Kiluhya na hakuna mtu unaweza kumpachikia, unalala nayo hadi Jumatatu. Nikaificha jikoni nyuma ya kuni ndugu zangu wasinione. Usiku mvua ikanyesha, kuni zikalowa, asubuhi kukhu, yaani nyanya yangu, anataka kupika uji anatafuta kitu kikavu na ile mbao ilikuwa imekauka kweli kweli, mwaka mzima imeshinda kwa shingo za watoto. Nilipoamka niliikuta motoni, zimebaki herufi mbili za jina la shule. Uji niliunywa lakini haukushuka.

Jumatatu paredi, hedi anauliza diski iko wapi. Nikasema kukhu ameipikia uji. Shule nzima ikacheka, hedi akaona ni ujeuri, akasema sita. Cha tatu kinashuka naona leso ya kukhu getini. Alikuwa amebeba gogo kichwani, gogo la mti mzima, akaja moja kwa moja hadi mbele akalitupa miguuni mwa hedi na kumwambia kwa Kiluhya, mlikuwa mnataka mbao, hii hapa, gawaneni. Hedi naye alikuwa mtu wa huko kwetu, na kukhu alikuwa rika la mama yake, akajikuta anainama na kuomba msamaha kwa Kiluhya mbele ya watoto wote. Kimya. Halafu katoto fulani ka darasa la kwanza kakapaza sauti huko mbele: "Hedi apewe diski!"

Nyar Kondele
WOOOI 😂😂😂

Fundi Baiskeli
Hako katoto kako wapi saa hii, kasimame ubunge.

Kijana wa Lanet
Diski ni nini?

Mkulima wa Miwa, Mumias
Shukuru Mungu hujui. Sisi tuliita monto, yetu ilikuwa mfupa wa ng'ombe.

Omwana wa Butere
Na msifikiri niliokoka. Vile vitatu vilivyobaki nilimaliziwa Jumanne.

Mama Wawili, Nakuru
Nimecheka hadi nimelia lakini jamani, kokoto?

Fundi Baiskeli
Nenda na gogo.

Baba Junia
Mnunulie karatasi, yaishe.

Mwana wa Sheria
Piga picha ya magoti leo kabla yapone, andika barua kwa hedi na nakala kwa bodi ya shule. Wakinyamaza kuna 116, laini ya watoto, haulipi.

Ticha Mchovu
Barua baadaye. Anza na mwalimu wa darasa, uso kwa uso. Ukimruka, atakayelipa ni mtoto.

Mkulima wa Miwa, Mumias
Hamisha mtoto.

Kijana wa Lanet
Ahamie wapi? Mimi nilihamishwa, kule nikakuta slasha. Nyasi za uwanja mzima.

Mama Wawili, Nakuru
Nimetoka huko saa hii. Picha nilipiga, nikaenda nimejifunga leso kama wa vita, kumbe mwalimu ni msichana mdogo hata hajafika thelathini, darasa watoto 74. Nikamwonyesha simu. Akaiangalia muda mrefu, akasema hajawahi kuona magoti yenyewe, wao huinuka tu wakakimbia mapumziko. Ati alikuta ndivyo inafanywa. Ameniambia ataacha. Sijui. Barua niko nayo kwa mkoba sijaitoa, Ijumaa nikikata kucha nitaangalia magoti kwanza.

Fundi Baiskeli
Na gogo ulibeba?

Nyar Kondele
Mnajua yule monita wangu tuko naye chama kimoja? Ndiye karani. Jana ameniandika faini ya kuchelewa mkutano na hata sikuwa nimeenda.