Je, mkurugenzi anawajibika binafsi kwa kodi ya pango ambayo kampuni imeshindwa kulipa?

Mkurugenzi wa Zamani:

Ndugu zangu wanasheria na wafanyabiashara, habari zenu. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa.

Miaka mitatu iliyopita mimi na wenzangu wawili tulisajili kampuni yenye dhima yenye kikomo, kila mmoja wetu akiwa mwanahisa na mkurugenzi, na kampuni ikapanga ofisi kwa mkataba wa miaka sita. Siku ya kutia saini wenzangu walikuwa safarini, hivyo nilikwenda peke yangu. Ukurasa wa mwisho wa mkataba unaonyesha jina la kampuni kama mpangaji, chini yake kuna saini yangu na neno "Mkurugenzi", na mhuri wa kampuni umegongwa kimshazari hadi umefunika nusu ya saini hiyo. Nyuma ya ukurasa huo ilikuwa imebanwa karatasi moja yenye kichwa "Hati ya Dhamana", nami nikaitia saini vilevile, kwa kuwa aliyeniletea aliniambia kwamba ni utaratibu wao wa kawaida. Sikuisoma hadi mwisho. Karatasi hiyo haina mhuri. Ina jina langu, namba ya kitambulisho changu na anwani ya nyumbani kwangu.

Mwaka jana nilijiuzulu ukurugenzi, nikawauzia wenzangu hisa zangu, na mabadiliko hayo yakaandikishwa kwa msajili wa makampuni. Baada ya mimi kuondoka, kampuni na mwenye jengo walikubaliana kuongeza chumba cha pili katika ghorofa ileile, na kodi ikapanda. Sikuulizwa wala sikujulishwa. Sasa kampuni ina malimbikizo ya miezi 5, na barua ya madai imeletwa mlangoni kwangu, ikinitaka nilipe deni lote ndani ya siku 30, ambazo zimebaki chache.

Siku zote nimeelewa kwamba kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, na kwamba madeni yake si madeni ya wakurugenzi wake. Je, mwenye jengo ana haki ya kunidai mimi, tena baada ya kuondoka?

Wakili wa Mikataba:

Ndugu yangu, pole sana. Ulivyoelewa ni sawa, lakini inabidi tuzitenganishe karatasi mbili ulizotia saini, kwa sababu kila moja ina athari yake.

Tuanze na mkataba wa upangaji. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, msingi wa jambo hili uliwekwa mwaka 1896 na Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, katika shauri la Salomon. Bwana huyo alikuwa mtengenezaji wa viatu vya ngozi aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kati ya hisa 20,007 zilizotolewa, yeye alikuwa na 20,001, na mke wake na watoto wao watano wakawa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kwamba kampuni ile ni yeye mwenyewe aliyevaa joho jingine, kwa hiyo alipe. Baraza lilikataa hoja hiyo na kusema kwamba kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu tofauti na wanahisa wake, hata kama mmoja wao anamiliki karibu kila kitu. Kwa hiyo pale ulipotia saini juu ya neno "Mkurugenzi" na chini ya jina la kampuni, mkono ulikuwa wako lakini ahadi ilikuwa ya kampuni. Kama mwenye jengo angekuwa na karatasi hiyo tu, ningekwambia umjibu kwa sentensi moja na ulale.

Hati ya dhamana ni jambo jingine. Hiyo ni ahadi yako wewe, mtu mwenye nyama na damu, kwamba kampuni isipolipa utalipa wewe. Ndiyo maana haina mhuri, na ndiyo maana imeandikwa anwani ya nyumbani kwako. Cheo cha ukurugenzi hakikukufunga, na kwa hiyo kukiacha hakukukufungua: dhamana inaendelea hadi imalizike kwa masharti yake yenyewe, au hadi mwenye jengo akubali kwa maandishi kukuachilia. Wengi huamini kwamba wakishauza hisa na jina lao kuondolewa kwa msajili, kila kitu kimekwisha. Msajili hana habari na dhamana yako.

Hata hivyo hilo la chumba cha pili limenisimamisha. Tafadhali tunakilie maneno ya hati hiyo kama yalivyo, hasa panapozungumzia mabadiliko ya mkataba.

Fundi Samani:

Naunga mkono aliyoyasema wakili, nami naongeza tahadhari kwa wanaofungua biashara sasa, kwa kuwa mimi nilinaswa bila hata kutia saini dhamana yoyote.

Nilipata karakana nzuri wakati maombi ya kusajili kampuni yetu yalikuwa hayajakamilika. Mwenye karakana alisema kuna mtu mwingine anaitaka, nikaingiwa na hofu, nikatia saini kwa jina la kampuni ambayo bado haikuwepo. Cheti cha usajili kilitoka siku 19 baadaye. Tulifanya kazi mwaka mmoja na nusu, kisha mteja wetu mkubwa akaacha kununua, kodi ikatushinda, na mwenye karakana akanifuata mimi. Nilimwonyesha cheti cha kampuni. Mwanasheria wake alichukua kalamu, akazungushia tarehe ya cheti, akazungushia na tarehe ya mkataba, akaniwekea karatasi zote mbili mbele yangu bila kusema neno. Nililipa kwa awamu kwa muda mrefu kuliko tulivyokaa katika karakana yenyewe.

Wakili wa Mikataba:

Asante kwa kutueleza, ndugu Fundi. Kanuni iliyokushika ni ya zamani. Mwaka 1866, katika shauri la Kelner na Baxter, watu waliokuwa wakiandaa kampuni ya hoteli walinunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ambayo haijaundwa; kampuni ikaundwa, mvinyo ukanywewa, kisha kampuni ikaanguka kabla ya kulipa. Mahakama ilisema kwamba asiyekuwepo hawezi kutuma mwakilishi, hivyo waliotia saini ndio wanaodaiwa, na kampuni haiwezi kurudi nyuma na kuuridhia mkataba uliotangulia kuzaliwa kwake. Nchi nyingi zimebadilisha kanuni hiyo kwa sheria zinazoiruhusu kampuni kuupokea mkataba baada ya kusajiliwa, lakini hata huko ni lazima upokeaji huo ufanyike kweli, kwa azimio la bodi na kwa maandishi. Kuhamia tu na kuanza kulipa kodi kunaweza kusitoshe. Penye haraka, afadhali kumwomba mwenye jengo ahadi fupi ya kukushikilia nafasi hadi cheti kitoke.

Mwenye Majengo:

Mimi ni mpangishaji, na naomba nisikilizwe kwa upande wangu pia, kwa sababu mara nyingi tunaonekana kama watega mitego.

Kampuni inayokuja kwangu ikiwa na umri wa miezi miwili haina mali, haina hesabu zilizokaguliwa, na mara nyingi haina chochote zaidi ya meza na kompyuta. Ikianguka, mimi nabaki na kuta zilizotobolewa na chumba ambacho kitakaa kitupu kwa miezi kadhaa. Nikiomba dhamana ya mkurugenzi, naomba mtu mwingine abebe sehemu ya hatari ambayo bila hivyo ingeniangukia mimi peke yangu. Nisilokubaliana nalo ni kuibana nyuma ya mkataba na kumwambia mtu kwamba ni utaratibu wa kawaida. Mimi humpa mpangaji hati hiyo wiki moja kabla, aende nayo nyumbani.

Pia watu wajue kwamba dhamana inajadiliwa. Nimewahi kukubali amana ya miezi 6 badala ya dhamana. Nimewahi kukubali dhamana yenye kikomo cha kodi ya mwaka mmoja, na nyingine iliyokufa baada ya miaka miwili ya malipo yasiyochelewa. Katika jiji la New York kuna aina inayotumika sana, ambapo mdhamini hudaiwa kodi ya hadi siku ambayo mpangaji ametoa notisi iliyokubaliwa, akaondoka na kurudisha funguo, na si ya miaka iliyosalia. Naiona ni ya haki kwa pande zote mbili, kwa sababu hofu yangu kubwa ni mpangaji asiyelipa na asiyeondoka.

Mkurugenzi wa Zamani:

Nawashukuru sana nyote. Nimeitafuta hati na haya ndiyo maneno yake: "Mdhamini atawajibika kama mdaiwa mkuu kwa kodi yote na wajibu wote wa Mpangaji chini ya Mkataba, na dhamana hii haitaathiriwa na muda wowote wa ziada atakaopewa Mpangaji wala na marekebisho yoyote ya masharti ya Mkataba." Hakuna kikomo cha fedha wala cha muda, na hakuna neno juu ya chumba kingine. Nimeambiwa pia kwamba wenzangu wanafikiria kuifilisi kampuni. Je, kampuni ikifilisiwa, dhamana nayo haifi?

Wakili wa Mikataba:

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari zaidi. Mfilisi anaweza kuukana mkataba wa upangaji na kuipunguzia kampuni mzigo, lakini mwaka 1996 Baraza la Malordi liliamua katika shauri la Hindcastle kwamba kuukana huko hakumfungui mdhamini. Na ukiitafakari, ndivyo inavyopaswa kuwa, maana dhamana huombwa kwa ajili ya siku ambayo kampuni haiwezi kulipa. Usitegemee ufilisi kukuokoa.

Sasa tuje kwenye tumaini lako, nalo si dogo. Mwaka 1878, katika shauri la Holme na Brunskill, mtu alimdhamini mpangaji wa shamba la kondoo kwamba mwisho wa upangaji kundi litarudishwa likiwa katika hali njema. Katikati ya muda, mwenye shamba na mpangaji wakapatana kwamba konde moja lirudishwe na kodi ipunguzwe kidogo, na mdhamini hakuulizwa. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba amefunguliwa. Mdhamini ameahidi kwa ajili ya mkataba fulani. Wenye mkataba wakiubadilisha bila yeye, basi isipokuwa iwe dhahiri kabisa kwamba badiliko hilo ni dogo au haliwezi kumdhuru, uamuzi wa kubaki au kutobaki ni wake, si wa mahakama. Kama konde lililopunguzwa pamoja na kodi lilitosha kumfungua yule, tazama chumba kilichoongezwa pamoja na kodi iliyopanda.

Mwenye jengo atakujibu kwa maneno "marekebisho yoyote", ambayo yamewekwa makusudi ili kuizima kanuni hiyo. Yana nguvu, lakini yana mpaka. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimwachilia mkurugenzi aliyeidhamini kampuni yake kwa benki kwa hati iliyoruhusu marekebisho, kwa kuwa makubaliano ya baadaye hayakuwa marekebisho ya yale ya kwanza bali mapya yaliyoshika nafasi yake. Tena, katika sheria ya upangaji ya huko, kuongeza eneo ndani ya mkataba uleule huhesabiwa kuwa mkataba wa zamani umerudishwa na mwingine umetolewa. Kwa hiyo unahitaji mno nakala ya makubaliano ya chumba cha pili. Ikiwa vyumba viwili vimeunganishwa katika mkataba mmoja wenye kodi moja, hoja yako ni kwamba ulichodhamini hakipo tena. Ikiwa chumba cha pili kina mkataba wake peke yake, basi huenda bado unafungwa na kile cha kwanza, lakini huwezi kudaiwa kodi ya chumba ambacho hukukiahidi, na deni lote lililotajwa katika barua haliwezi kuwa lako.

Kuna ulinzi mwingine unaotegemea sheria ya mahali. Uingereza inataka dhamana iwe kwa maandishi tangu sheria ya mwaka 1677. Ufaransa inamtaka mtu binafsi anayedhamini aweke mwenyewe tamko lenye kikomo cha kiasi, kwa maneno na kwa tarakimu. Hati yako haina kikomo chochote, kwa hiyo wakili wako wa huko uliko aanze kwa kuangalia kama sheria yenu inaikubali ilivyo.

Jibu barua kabla siku 30 hazijaisha. Andika kwamba hukubali dhima yoyote, omba nakala ya makubaliano ya chumba cha pili na mchanganuo wa deni mwezi kwa mwezi na chumba kwa chumba. Usilipe hata kidogo "kwa nia njema" kabla ya hapo, kwa sababu malipo hayo yatasomwa kama kukiri. Kisha fungua mkataba uliowauzia wenzako hisa, utazame kama waliahidi kukufidia kwa madeni ya kampuni. Kama waliahidi, wajulishe leo kwa maandishi, kabla ya huo ufilisi.

Mkurugenzi wa Zamani:

Nimeufungua mkataba wa hisa. Kifungu cha 9 kinasema wanunuzi watanifidia kwa dai lolote litokanalo na upangaji wa ofisi, nami nilikuwa nimekisahau kabisa. Barua mbili zitaondoka kesho asubuhi, moja kwa mwenye jengo na nyingine kwa wenzangu, nami nitawajulisha watakavyojibu.