Medali kwenye kasha la Babu Saidi

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Mikindani*

Jumapili

Hamisi: Asalamu alaykum ndugu zangu. Mvua ya jana imevuja chumbani kwa Bibi, ikabidi tushushe vitu vyote vya darini. Kuna kasha la bati la marehemu Babu Saidi. Bibi ameruhusu tulifungue. Tazameni.
[Picha tatu]

Salumu: Wa alaykum salaam. Hiyo ya pili ni hela ya Mjerumani?

Hamisi: Ndiyo. Heleri 20, mwaka 1916, ina herufi T.

Salumu: T ni Tabora. Wajerumani walizifua kule wakati wa vita, meli zao zilipozuiwa. Mwaka ule ule Wabelgiji wakaichukua Tabora, jeshi la Wajerumani likarudi nyuma hadi huku kwetu, na Oktoba 1917 wakapigana Mahiwa. Babu alikuwa mpagazi nini? Ingawa hela hupita mikono mingi, haitoshi kuwa ushahidi.

Mama Mdogo: Hela acheni kwanza. Hiyo ya tatu si medali ya Bikira Maria?

Hamisi: Ndiyo hiyo, Mama Mdogo. Imefungwa kwenye kitambaa, imeshonwa kabisa.

Mama Mdogo: Babu yangu mimi? Aliyeadhini msikitini mpaka sauti ikamkauka?

Hamisi: Bibi anasema niwaandikie maneno yake: "Nilijua imo. Baba alisema kisiuzwe, kisitupwe, kisiulizwe. Nikanyamaza."

Rehema: Shikamoo Bibi. Hamisi, muulize babake alizaliwa wapi hasa.

Hamisi: Anasema "juu, upande wa Ndanda". Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Rehema: Mimi nafundisha hukuhuku. Nipeni siku chache.

Alhamisi

Rehema: Nimetoka parokiani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Katekista alinifungulia madaftari ya ubatizo. Yameandikwa Kilatini, lakini mpangilio ni ule ule kila ukurasa: tarehe, jina jipya, baba, mama, msimamizi. Misheni ya Ndanda ilianza 1906, mwaka mmoja baada ya ile ya Nyangao kuchomwa kwenye Majimaji, basi tukaanzia hapo. Saidi hayumo, bila shaka. Nikakumbuka Bibi ni somo wa nyanya yake, mama wa Babu Saidi. Tukaacha kumtafuta mtoto, tukamtafuta mama. Mwaka 1911 nikaliona jina la Bibi wetu. Yote mawili, la kwanza na la pili. Mtoto wake ameandikwa Bonifasi, umri kama miaka 10. Mahali pa baba pameandikwa marehemu.

Mama Mdogo: Ya Rabi.

Salumu: Rehema, umefanya kazi kubwa. Ila majina hufanana. Wanawake wawili wenye jina moja si ajabu.

Rehema: Ndiyo maana katekista akanipeleka kwa mzee mmoja wa kijiji kilichoandikwa daftarini. Namwongeza hapa, mwenyewe ameomba.

*Rehema amemwongeza Mjomba wa Ndanda*

Mjomba wa Ndanda: Habari zenu wanangu. Naandika polepole, mnivumilie. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Katarina. Alikuwa na kaka mmoja, Bonifasi. Baada ya vita ya Wajerumani alikwenda pwani kwenye mashamba ya mkonge, hakurudi. Sisi huku ukoo ni wa mama, mnajua. Bonifasi ndiye aliyekuwa mjomba wa nyumba ile. Harusi ya mama yangu iliongozwa na mtu wa kuazima. Misa za marehemu zilisomwa kwa jina lake, lakini Bibi Katarina hakuamini kwamba amekufa.

Hamisi: Shikamoo Mjomba.

Mama Mdogo: Karibu sana kaka.

Salumu: Shikamoo Mjomba. Naomba uniwie radhi, nataka tuwe na hakika. Bonifasi alikuwa na alama yoyote mwilini?

Mjomba wa Ndanda: Marahaba. Umeuliza vizuri. Sikio moja lilikatika ncha, aling'atwa na mbwa akiwa mdogo. Bibi Katarina, kila tulipokwenda mnadani, alikuwa akitazama masikio ya wazee. Mpaka anazeeka, anatazama masikio.

Salumu: Hamisi, usimsomee Bibi. Muulize tu kama babake alikuwa na kovu.

Hamisi: Hakujibu kwa maneno. Amejishika sikio la kulia.

Hamisi: Analia. Nipo naye.

Mama Mdogo: Na mimi huku Lindi nalia peke yangu.

Ijumaa

Salumu: Sikulala. Kumbe jina lake la mwanzo ni Bonifasi.

Mjomba wa Ndanda: Hapana mwanangu, hilo si la mwanzo. Kuna jina alilopewa na mama yake alipozaliwa. Alipotoka jandoni akapewa jingine, na zamani kumwita mtu wa jando kwa jina la utoto ni kumtukana. Padri akampa Bonifasi. Saidi alilipata kwenu. Ukimtafuta mtu wa kale kwa jina moja utasema hakuwahi kuwapo.

Rehema: Kuna jambo sikuliandika jana kwa sababu sikulielewa. Chini ya Bonifasi, siku ile ile, mama yule yule, yumo mtoto wa kike. Ameandikwa Agata.

Mjomba wa Ndanda: Agata? Bibi Katarina alizaliwa baadaye, baba mwingine. Agata sijapata kumsikia.

Mjomba wa Ndanda: Lakini pale mahame, tulipohamishwa 1974 kuletwa barabarani, tuliacha kaburi la mama yao chini ya mti wa msolo. Kando yake lipo kaburi dogo. Tukienda kumwaga unga wa mtama tunamwaga na pale. Anayelala pale hatumjui, tunasema tu "na wewe".

Mama Mdogo: Ngojeni. Hamisi, mpe Bibi simu, namsikilizisha jambo.

Hamisi: Bibi ametuma sauti, nawaandikia wenye simu ndogo: "Mdogo wangu alipozaliwa, Baba alitaka aitwe Agata. Mama akasema jina hilo si la Kiislamu. Baba akatoka nje, akakaa mpaka alfajiri. Hakulitaja tena. Na jambo jingine. Alipokuwa akisafiri na samaki wakavu kwenda kuuza, akifika Mnazi Mmoja alikuwa anashusha mzigo na kugeuka. Barabara ya Ndanda hakuwahi kuishika. Nilimuuliza mara moja. Akasema, nitawakuta wamehama."

Rehema: Na walikuwa hawajahama.

Salumu: Mjomba, wewe jina lake la utoto unalijua?

Mjomba wa Ndanda: Ninalijua. Bibi Katarina alinipa mimi peke yangu. Humu siliandiki, mnisamehe. Atakayestahili kulisikia ni mtoto wake, tena pale pale kwa mama yake. Mama, kama miguu inaruhusu, njoo. Unga nitausaga mimi.

Hamisi: Bibi anauliza basi la kwanza kesho linatoka saa ngapi. Medali ameshaifunga kwenye pindo la khanga.