Naomba ushauri: Krismasi, watoto wa kuzaa na binti tuliyemuasili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tuna watoto wawili wa kuwazaa na binti wa miaka tisa tuliyemuasili kihalali. Siku za kawaida wanagombana na kupatana kama watoto wowote. Shida huanza Desemba.

Ndugu wa mume wangu wanapoleta zawadi, za wale wawili zimeandikwa majina. Ya huyu haina jina, unaona kabisa ni kitu kilichotafutwa dakika za mwisho. Mwaka jana aliipokea, akasema asante, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Hakulia. Afadhali angelia. Kwenye picha ya wajukuu naye akaombwa asimame pembeni “kidogo”. Hiyo kidogo iliniuma kuliko zawadi.

Kingine, binti ameomba siku ya Krismasi amwombee mama aliyemzaa, mezani, mbele ya wote. Mimi sioni ubaya. Mume wangu anahofia wadogo wa binti watachanganyikiwa na wageni watanuna. Lakini nasaba ya Mathayo 1 inapita kwa Yusufu, ambaye hakumzaa Yesu, na siku hiyo tunayosherehekea ndiyo tunapima damu?

Sasa, niseme na mama mkwe mwenyewe, au mume aongee na mamake? Zawadi zote zipitie kwetu kwanza? Na mliowaasili watoto wakiwa na kumbukumbu za mama zao, ombi kama hili mlilipokeaje? Tafadhali msiniambie niombe tu. Kuomba naomba.